Timu Inatafuta Meneja: Niliyojifunza Katika Ligi ya Besiboli ya Mtandaoni

Timu ikikosa meneja katika ligi yetu haiachi kucheza. Kompyuta inaishika. Inapanga kikosi, inawapumzisha warushaji waliochoka, yaani wale wanaomrushia mpigaji mpira, inasajili mtu wa bei nafuu pale mchezaji anapoumia, na matokeo yanatoka kila wiki kama kawaida. Mgeni akitazama msimamo wa ligi hataona tofauti yoyote. Sisi tuliomo tunaiona mapema, kwa sababu timu ile haijibu tena. Ukiiandikia kuhusu kubadilishana wachezaji, kimya. Ukiipongeza kwa kushinda mechi tano mfululizo, kimya. Na ligi ya namna hii inaishi kwa kujibizana.

Kazi yangu humo ndani ni kuwatafuta mameneja. Kamishna, yule anayeendesha programu na kupandisha mafaili ya ligi, ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini tangazo naliandika mimi, maombi yanakuja kwangu, na mgeni akiingia mtu wa kwanza kuzungumza naye ni mimi. Ninaishi Toronto. Blue Jays, timu ya kweli yenye wachezaji wa kweli, ninaweza kwenda kuitazama uwanjani nikitaka, na hata hivyo jioni nyingi akili yangu iko kwenye timu 24 ambazo hazina uwanja popote duniani.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaujua mchezo wa fantasy wa Ligi Kuu ya England, ule unaowafanya watu wa Dar na Nairobi waamke Jumamosi asubuhi kubadilisha nahodha kabla muda haujafungwa. Huo ni ndugu wa mchezo wetu, ila wamelelewa nyumba tofauti. Kwenye fantasy ya soka mshambuliaji mmoja anaweza kumilikiwa na mamilioni ya watu kwa wakati mmoja, na ukisahau kupanga timu yako umejiumiza mwenyewe, basi. Kwetu wachezaji wote wamebuniwa na kompyuta: jina, umri, mkono wa kurushia, bidii ya mazoezi, uchu wa pesa, hata uaminifu kwa klabu. Kila mmoja ana timu moja tu. Nikimtaka kijana aliye kwenye timu ya Halifax, lazima nimwandikie mtu wa Halifax tuelewane. Kama Halifax haina mtu, mlango umefungwa kwa wote 23 waliobaki.

Mchezo wenyewe una ukoo mrefu. Mwaka 1961 Hal Richman wa New York alianza kuuza Strat-O-Matic, mchezo wa kadi na dadu ambao kila mchezaji wa kweli alikuwa na kadi iliyotengenezwa kutokana na takwimu zake za msimu. Mwaka 1980 Daniel Okrent na wenzake, waliokuwa wakikutana kula katika mgahawa wa La Rotisserie Française huko huko New York, walianza kushindana kwa takwimu za wachezaji wa ligi kuu ya besiboli ya Marekani, na fantasy nyingi za leo zina damu ya meza ile. Kisha mwaka 1999 Mjerumani Markus Heinsohn akatoa Out of the Park Baseball, programu ya kompyuta inayoweza kuendesha ligi nzima kuanzia ngazi ya juu hadi timu za vijana. Hiyo ndiyo tunayotumia.

Utaratibu ni huu. Jioni tatu kila juma, saa tatu usiku kwa saa za Toronto, kamishna anaendesha siku saba za mchezo. Kila timu inacheza mechi zake, karibu moja kila siku, kuelekea mechi 162 za msimu, idadi ile ile ya ligi kuu ya Marekani. Akimaliza anapandisha faili jipya. Kila meneja analipakua, anasoma yaliyotokea, anarekebisha kikosi, kisha anatuma faili lake kabla ya zamu inayofuata. Kazi yenyewe inaweza kukuchukua robo saa. Inaweza pia kukuchukua usiku mzima, ukiwa mtu wa kupenda kusoma namba. Msimu mmoja na mapumziko yake unakula takriban miezi mitatu ya kalenda ya kweli.

Hiyo miezi mitatu naomba msomaji aishike, kwa sababu ndiyo inayoamua karibu kila kitu kuhusu mtu wa kumtafuta. Kijana anayechaguliwa akiwa na miaka 18 anahitaji misimu minne au mitano kupanda kutoka timu za chini hadi timu kubwa, kama atafika. Maana yake ni kwamba meneja anayemchagua leo atasubiri zaidi ya mwaka mzima wa maisha yake halisi kabla hajamwona akisimama kwenye kilima cha mrushaji. Ninayemtafuta, basi, ni mtu atakayekuwepo siku hiyo.

Wengi hudhani sifa ya kwanza ya meneja ni kuijua besiboli. Ujuzi ni mzuri, siukatai. Lakini nimewapokea wajuzi wa kupindukia, watu wanaokumbuka wastani wa upigaji wa wachezaji waliostaafu kabla sisi hatujazaliwa, wakaja na jedwali zao na fomula zao, wakageuza kikosi kizima katika juma la kwanza. Timu ikaanza kushinda. Halafu mdakaji wao bora akavunjika kidole, mrushaji akapasuka mshipa wa kiwiko, wakapoteza mechi tisa katika kumi, na hapo ndipo majibu yalianza kuchelewa. Kwanza faili halikuja jioni moja. Kisha mbili. Kisha ujumbe: kazi zimenibana. Nimejifunza kwamba mtu wa namna ile alipenda kushinda, na kushinda kulipokoma hakukuwa na kingine cha kumshikilia.

Upande wa pili nimewaona watu waliokuja wakiuliza kwa nini mpigaji anarudi kwenye benchi baada ya kukosa mipira mitatu, na bado wako nasi hadi leo. Walipenda kitu kingine: vijana wa timu za chini wenye majina waliyoyachekelea, ubishi na jirani wa kundi lao, habari fupi tunazoandikiana baada ya kila juma. Sheria za besiboli mtu anaweza kuzijifunza kwa msimu mmoja. Mapenzi ya kurudi siwezi kumfundisha mtu.

Kwa hiyo tangazo langu halianzi na ushindi. Linaeleza hali ya timu jinsi ilivyo. Nikiwa na nafasi kwenye timu mbovu ninaandika kwamba ni mbovu: imemaliza ya mwisho misimu miwili, ina mikataba mitatu mizito ya wachezaji wazee, haina mrushaji wa kuaminika, na pesa za usajili zimekauka. Kisha naandika kilichopo cha kutia moyo, kama kipo. Kamishna aliwahi kuniambia kwamba ninafukuza wateja. Naona kinyume. Anayesoma tangazo la namna hiyo na bado akaandika, tayari amejibu swali langu kubwa. Wale wanaovutiwa na maneno ya “jenga himaya yako” hugundua ukweli siku wanapopakua faili, na anayegundua ukweli peke yake usiku huondoka bila kuaga.

Kuna pia wanaotaka kuoneshwa timu zote zilizo wazi kwanza. Ninawaonesha. Akikataa ya kwanza kwa sababu iko kundi gumu, ya pili kwa sababu rangi za jezi hazimpendezi, na ya tatu kwa sababu uwanja wake ni mdogo, namshukuru kwa muda wake na tunaachana kwa wema. Mchagua jembe si mkulima.

Katika usaili ninauliza mambo ya kawaida: uko saa za wapi, unafanya kazi zamu gani, umewahi kuwa kwenye ligi nyingine, na kama uliondoka, uliondokaje. Hilo la mwisho nalisikiliza kwa makini. Mtu aliyeondoka kwenye ligi tatu, na katika zote tatu kosa lilikuwa la kamishna, nina wasiwasi naye. Lakini swali ninalolitegemea zaidi ni moja, na huwa nalituma pamoja na picha ya ukurasa wa mchezaji mmoja wa timu husika.

Picha ni ya mrushaji wa miaka 34. Kwenye kipimo cha 20 hadi 80 wanachotumia wasaka vipaji wa besiboli, ambapo 50 ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, uwezo wake wa sasa ni 55 na unashuka. Mkataba wake una miaka minne mbele, na kila mwaka unapanda. Mashabiki wanampenda, programu inaonyesha hilo waziwazi. Chini yake kuna kijana wa miaka 21 mwenye 40 leo na 60 ya baadaye, ambaye wasaka vipaji wanasema ana bidii lakini kiwiko chake ni dhaifu. Nauliza: utafanya nini na hawa wawili?

Jibu sahihi halipo. Naangalia namna mtu anavyofikiri na, zaidi ya hapo, kama anauliza. Mmoja alinijibu kwa mstari mmoja: muuze mzee, mpandishe kijana. Hakuuliza nani atamnunua mtu mwenye mkataba ule. Mwingine, mwanamke wa Winnipeg anayefanya kazi ya usiku hospitalini, aliniandikia maswali kabla ya jibu. Timu ina pesa kiasi gani? Kuna timu yoyote kwenye ligi inayokaribia ubingwa na imekosa mrushaji? Meneja wake ni mtu wa namna gani, anapenda kuongea au kuandikiwa ofa moja kwa moja? Nilipofika kwenye swali lile la tatu nilijua nimepata mtu. Alikuwa ameshaelewa kwamba upande wa pili wa kila biashara humu kuna binadamu. Yuko kwenye timu ile hadi leo, na yule mzee alimuuza baada ya miezi, kwa subira, kwa timu iliyomhitaji kweli, huku akikubali kulipa nusu ya mshahara.

Sasa niseme kuhusu timu yatima, maana hapo ndipo uaminifu wa ligi nzima unapimwa. Timu isiyo na mwenyewe inavutia mikono. Kompyuta inayoishikilia haijui thamani ya chipukizi kama binadamu anavyoijua, na meneja mjanja anaweza kuichuna katika juma moja: akatoa wachezaji watatu wa kujazia benchi, akachukua kijana mmoja wa dhahabu. Atasema programu imekubali, kwa hiyo ni halali. Atakayekuja baadaye atakuta mifupa.

Historia ya besiboli ya kweli ina mfano ambao huwa ninawasimulia wageni wakilalamika kwamba sheria zetu ni kali. Mwaka 1899 ndugu wawili, Frank na Stanley Robison, walimiliki klabu mbili za ligi moja, ya Cleveland na ya St. Louis. Wakaona St. Louis ina mashabiki zaidi. Wakawahamishia huko wachezaji wao bora wa Cleveland, akiwemo Cy Young, mrushaji ambaye hadi leo hakuna aliyefikia ushindi wake 511. Waliobaki Cleveland walishinda mechi 20 na kupoteza 134. Hakuna timu ya ligi kuu iliyowahi kuwa na msimu mbaya kuliko huo. Uwanja ulikuwa mtupu kiasi kwamba timu nyingine hazikutaka tena kusafiri kwenda kucheza pale, kwa sababu mgao wa viingilio haukulipa hata nauli, na Cleveland wakamalizia msimu barabarani kwenye viwanja vya wenzao. Mwaka uliofuata ligi ilipunguzwa kutoka klabu 12 hadi 8, na Cleveland ikafutwa.

Ligi nzima iliumia, si Cleveland peke yake. Ndiyo maana kwetu timu ikikosa meneja, siku ile ile biashara zote nayo zinafungwa. Kompyuta inaruhusiwa kupanga kikosi tu. Haiuzi, hainunui, haimwachi huru mtu yeyote. Wakongwe wawili walipinga sheria hiyo ilipopitishwa, wakidai inagandisha soko. Ni kweli inaligandisha. Inanigandisha hata mimi, maana nina timu yangu humo. Lakini ninapomkabidhi mgeni timu, nataka niweze kumwambia machoni kwamba kilichokuwemo jana bado kimo.

Suala la subira nalo lina mtu wake katika historia. Connie Mack aliiongoza Athletics ya Philadelphia kwa miaka 50, kuanzia 1901 hadi 1950. Mwaka 1914 alikuwa bingwa wa American League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani, akafungwa na Boston mechi nne kwa bila kwenye fainali. Pesa zikawa ngumu, akaanza kuwauza nyota wake, Eddie Collins akiwa mmoja wa wa kwanza kuondoka. Kuanzia 1915 timu yake ilimaliza ya mwisho misimu saba mfululizo. Mwaka 1916 ilishinda mechi 36 tu, ikapoteza 117. Alikuwa pia mmiliki kwa sehemu, hivyo hakukuwa na wa kumfukuza kirahisi, na yeye mwenyewe hakuondoka. Alijenga upya, taratibu, kijana mmoja mmoja, akatwaa ubingwa wa dunia mwaka 1929 na tena 1930, akiwa na umri ambao wenzake wengi walikuwa wamestaafu zamani.

Sitegemei mtu anikalie misimu saba mkiani. Lakini nimeona jambo moja likijirudia: anayeishi msimu mmoja mbovu hadi mwisho, akatuma faili lake kila jioni hata pale ubingwa ulipokuwa umeshamponyoka tangu mwezi wa pili, huyo haondoki tena kirahisi. Kuna kitu kinachofungamana kati yake na timu. Anawajua vijana wake. Anajua yupi aliyeanza vibaya na sasa anaanza kuupata mpira. Ukimpa nafasi ya kuhamia timu bora, atakataa. Nimewahi kuwapa watu wawili nafasi kama hizo na wote walinijibu kwa lugha tofauti kidogo neno lile lile, kwamba bado hawajamaliza kazi pale.

Kwa muda mrefu waombaji wetu wote walikuwa wa Marekani na Kanada, na wachache wa Ulaya na Australia. Sikutarajia kupata mtu wa kwetu. Afrika Mashariki besiboli ni mchezo wa watu wachache, ingawa wachache hao wana habari ya kusimulia. Uganda ndiyo iliyotoa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, vijana wa Lugazi. Mwaka mmoja kabla yake watoto wengine wa Uganda walikuwa wamefuzu wakanyimwa viza. Tanzania nayo ina uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam.

Kwa hiyo nilipoona ombi la mtu aliyeandika kwamba anaishi Dodoma, ni mwalimu wa sekondari na alijifunza mchezo huu kwa kuwatazama wanafunzi wakifundishwa na Wajapani, niliacha Kiingereza cha fomu nikamjibu kwa Kiswahili.

“Shikamoo, Mwalimu. Nimefurahi kukuona huku.”

“Marahaba, mwanangu. Sikujua kama kuna mtu wa nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza cha usaili.”

Nilimweleza shida moja kwa uwazi. Saa tatu usiku ya Toronto ni saa kumi alfajiri Dodoma wakati wa kiangazi cha huku, na saa zikirudishwa nyuma majira ya baridi inakuwa saa kumi na moja. Wenzake wengi wanapenda kukaa macho wakati kamishna anaendesha juma, wakizungumza matokeo yakitoka. Yeye angekuwa amelala, akaamka kukuta sherehe imekwisha.

“Mimi saa kumi na moja nipo macho siku zote,” akaniandikia. “Naswali, nachemsha chai, nafungua kompyuta. Wao wakienda kulala, mimi nitakuwa nasoma. Tatizo liko wapi?”

Halikuwepo. Kilichotokea sikukipanga. Kwa sababu Mwalimu anafungua faili wakati wenzake wengi wa Amerika wanaelekea kulala, yeye ndiye wa kwanza kuandika muhtasari wa juma: nani kashinda, nani kaumia, kijana gani wa timu za chini kapiga mpira nje ya uwanja mara tatu siku moja. Anaandika kwa Kiingereza cha taratibu, sentensi fupi safi kama za ubaoni. Wenzake wakiamka wanaukuta muhtasari umewasubiri. Mmoja wa Ohio aliniambia husoma andiko la Mwalimu kabla ya habari nyingine yoyote ya asubuhi. Tofauti ya saa niliyoihesabu kama mzigo imekuwa sababu ya watu kurudi.

Intaneti ndiyo iliyomsumbua zaidi. Faili la ligi ni kubwa, na kulipakua kila mara kwa vifurushi vya simu kunakula pesa. Tulimuomba kamishna apunguze timu za ngazi za chini kabisa na kufuta kumbukumbu za mechi za zamani ambazo hakuna aliyekuwa akizisoma. Faili likapungua sana. Waliofaidika hawakuwa yeye peke yake. Kuna mtu wa kijijini huko Montana ambaye kumbe alikuwa akihangaika hivyo hivyo kwa muda wote bila kusema. Tangu hapo nimeongeza swali kwenye usaili: mtandao wako ukoje, na kifaa chako kikoje? Watu wengi huona aibu kulitaja hilo wenyewe, na shida isiyotajwa ndiyo inayowaondoa.

Juma la kwanza la mgeni ninalilinda kuliko kitu kingine. Simwachi aingie kwenye ukumbi wa mazungumzo akaandika “habari zenu” ikapita bila jibu. Ninawaandikia kabla watu wawili au watatu wa kundi lake, nawaomba wamkaribishe kwa jina la timu, na mmoja wao ampelekee ofa ya biashara, hata ndogo. Ofa ndogo ya kweli, ya mrushaji wa akiba kwa mpigaji wa akiba, inamwingiza mtu ndani haraka kuliko makaribisho kumi. Analazimika kumtazama mchezaji wake, kumtazama wa mwenzake, kupima, kujibu. Akishajibu mara moja ni mwenyeji.

Vilevile namwomba asifanye biashara kubwa yoyote kwa majuma manne ya mchezo. Wengine hawalipendi sharti hili. Mgeni mwenye hamu anataka kuonyesha ubabe, na wapo wakongwe ambao, Mungu awasamehe, humvizia mgeni siku ya kwanza kwa ofa zenye sukari nyingi. Biashara moja mbaya ya mwanzo ina sumu: mgeni anagundua baada ya msimu kwamba kijana aliyemtoa amekuwa nyota, anajiona aliibiwa, na hamu yote inakwisha.

Kuondoka nako kunafunzwa. Watu wanapata watoto, wanabadilisha kazi, wanafiwa, wanachoka tu. Hakuna ubaya. Kinachoiumiza ligi ni mtu anayeona haya kuaga, akapotea polepole huku timu ikioza. Kwa hiyo siku ya kumpokea mtu ninamwambia pia jinsi ya kuondoka: niandikie juma mbili kabla, hutaulizwa sababu, na uache barua ya makabidhiano kama ofisini. Inaonekana ajabu kuzungumzia talaka siku ya harusi, lakini tangu nianze kufanya hivyo wanaotoweka bila neno wamepungua sana.

Barua nzuri kuliko zote ilitoka kwa mzee mmoja wa Vermont aliyekuwa na timu yake tangu msimu wa kwanza wa ligi. Macho yalikuwa yamemshinda, hakuweza tena kusoma namba ndogo kwenye skrini. Aliandika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa hesabu: mikataba, nani wa kumwacha huru na lini, timu gani humlipa vizuri anayeuza warushaji wa kushoto. Ukurasa wa pili ulikuwa wa watu. Kuhusu kijana wa miaka 19 aliyekuwa akipiga vibaya kwenye timu ya ngazi ya pili kutoka chini, aliandika hivi: usimpandishe mapema hata kama wasaka vipaji watakushawishi, ana akili nyingi na hujifunza pole pole, mwache amalize msimu mzima pale, asipopiga vizuri utakuwa umepoteza miezi mitatu, ila akipiga utakuwa naye kwa miaka kumi.

Nilimpa timu ile kijana wa Pittsburgh aliyekuwa akisoma chuo, nikamtumia barua pamoja na faili. Aliisoma. Kijana yule wa kompyuta alibaki pale alipoagizwa. Sasa anacheza nafasi ya kati uwanjani kwenye timu kubwa na amechaguliwa mara mbili kwenye kikosi cha nyota. Meneja mpya huwa anamwandikia mzee kila mtoto yule anapofanya la maana, na binti wa mzee humsomea.

Jambo tunalobishania hivi sasa ni mameneja wasaidizi. Wazo ni langu na bado halijakubaliwa na wote. Badala ya mgeni kusubiri nafasi ifunguke, au kupewa timu mbovu akiwa hajui kitu, anakaa msimu mmoja kando ya mkongwe. Anaona mafaili, anashauri, anapewa timu za vijana azisimamie, na nafasi ikitokea anaijua ligi na ligi inamjua. Tumejaribu kwa wanne. Watatu wana timu zao leo, wa nne aliamua kubaki msaidizi kwa sababu zamu za kazi yake hazimruhusu zaidi, na kazi ya timu za vijana anaifanya vizuri kuliko mameneja kadhaa kamili.

Wanaopinga wana hoja nzito. Mgeni aliyelelewa na mkongwe anaweza kubaki mtu wake, akampa biashara nzuri kwa shukrani, na hapo tumerudi kwa ndugu Robison na klabu zao mbili. Kamishna amependekeza kwamba msaidizi akipata timu, yeye na mkongwe aliyemlea wasibadilishane wachezaji kwa msimu mzima. Mwalimu wa Dodoma ameandika kwamba msimu mmoja hautoshi, iwe miwili, na yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea kumpokea msaidizi anayefuata. Kura inapigwa Jumapili, na mimi nitapiga ya miwili.